Jina Ulilolibana Kwenye Jiwe

Mwalimu,

Arobaini yako imepita. Pilau lilikuwa zuri, na waliokuwa wakituita wachawi ndio waliogombania ukoko. Mtaa mzima wa Kasingirima bado unaamini tulikuwa tunaandika hirizi. Unamkumbuka yule jirani aliyetaka moja ya tumbo la mkewe? Ulitazama picha ya jiwe kwenye kile kitabu ulichokimbia nacho toka Burundi badala ya godoro, ukamwambia, "Bwana, hili ni la kumshukuru mungu wao. La tumbo limebaki Yemen."

Mimi fundi viatu, darasa la nne, ukanifundisha kusoma maandishi ya watu waliokufa kabla ya Mtume. Mengi huenda vilevile: fulani amemtolea mungu wake sanamu ya shaba, kwa kuwa alimwokoa na janga. Nikibahatisha palipovunjika, unanigonga vidole kwa rula. "Weka nukta, Juma. Pengo si lako."

Sasa nisikilize, nimeharibu.

Mkeo aliniletea daftari lako la kunakilia mawe ya kitabuni, nimsomee ukurasa wa mwisho. Unajua tangu mkimbie Burundi alikataa mwanenu Saidi asomewe hitima, kwa kuwa boti yake haikuonekana, wala maiti. Tulipokuzika alilainika, akapanga siku na imamu. Nami, kwa sifa za kujua kusoma, nikamsomea: "...kwa kuwa alimwokoa mwanawe Saidi." Nikadhani hata wale wa kale walikuwa na kina Saidi. Akasema, "Rudia." Nikarudia.

Hitima akaifuta. Kila asubuhi yuko Kibirizi, anakagua nyuso za wanaoshuka kwenye maboti. Juzi kamvuta shati kijana wa watu mpaka likachanika. "We Saidi, mamako nakuita!"

Ndipo nikaitazama picha ya jiwe lenyewe kitabuni. Baada ya "mwanawe" jiwe limekatika. Jina hakuna. Nafasi yenyewe ni ya herufi mbili. Kwa maandishi yao Saidi ni tatu, ukazibana daftarini zikalaliana kama abiria. Wewe, Mwalimu!

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu. Ungeandika hata neno moja pembeni, kwamba hilo ni lako.

Kesho nitamfuata Kibirizi na kitabu, nikiweke kidole chake pale jiwe lilipoishia. Atanitukana, nawe hutapona. Pumzika, Mwalimu. Akinifukuza nitarudi keshokutwa, na mtondo, mpaka akubali tumsomee mwanawe.

Mwanafunzi wako,
Juma