Pikipiki ya Baba Mkwe

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mume wangu! Hata kuliandika neno hilo nasikia raha. Mume wangu Ipyana kalala chali uani, chini ya pikipiki kuukuu ya miguu mitatu, uso wote grisi, anaimba. Si guta hizi za Kichina zinazobeba saruji mpakani. Hii ni ya zamani hasa – pua butu, usukani wa pikipiki, bodi la bati nyuma. Baba yake aliinunua upande wa Malawi kabla Ipyana hajazaliwa. Ilibeba kahawa na ndizi kule kwao Isongole, na ndiyo iliyomleta mama yake, marehemu, siku ya harusi. Kisha ikafa. Kuku wakatagia humo miaka na miaka.

Haitafutii faida. Anaipenda tu. Akitoka kazini anavua shati, anaanza. Leo nimemshikia spana, akanibusu puani, akaniachia doa jeusi. Sijalifuta!

Jumanne, 9 Septemba

Huzuni imeingia nyumbani. Baba mkwe kaletwa kutoka Isongole. Mapafu. Atakaa kwetu siku chache za hospitali, halafu daktari kasema arudi nyumbani apumzike. Jinsi Ipyana alivyolitamka hilo "apumzike" – nikaelewa.

Sasa anataka pikipiki iwake upesi. Anataka baba yake arudi Isongole akiwa amekaa humo, bodi limetandikwa godoro, watu wajitokeze barabarani wamwone. Hana ndoto nyingine. Usiku anaiota.

Mimi ni Mnyiha wa Igamba, kwetu mkwe tunamheshimu tu. Kwao Wandali, katika ukoo huu, ni zaidi: mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani mpaka mila zimalizwe, na zetu bado. Wifi Judith, dada yake Ipyana, ndiye anayempelekea mzee chakula. Kanifundisha: akikohoa, wifi, anakuarifu yuko karibu. Wewe toweka!

Nikauliza, na akinisalimia je? Judith akacheka mpaka akashika kiuno. Akikusalimia, ujue kichaa kimempanda.

Lakini ugonjwa wenyewe ni kikohozi! Leo nimekimbia kutwa nzima kama kuku.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeshinda ndani, pazia limeshushwa, nawasikiliza baba na mwana wakifungua giaboksi. Jamani, walivyokuwa watamu!

– Unagonga hivyo, unaua nyoka?
– Imeshikana, baba.
– Imeshikana kwa kuwa unaigombeza. Lete dizeli. Nipe mimi hiyo spana.

Na ikafunguka mikononi mwa mzee! Ipyana akapiga kelele kama mtoto. Halafu mzee akakohoa mpaka nikaziba masikio.

Ipyana ananiambia giaboksi nzima haipatikani tena popote. Kauliza Mbeya, kauliza Nakonde ng'ambo ya mpaka. Fundi wa Nakonde kamwambia: kaka, hiyo itunze kama mboni ya jicho. Wameiloweka, wameifunga mahali isiingie vumbi. Wapi, sikuona. Nilikuwa nyuma ya pazia.

Alhamisi, 18 Septemba

Mchana. Nimemwandalia mpenzi wangu zawadi! Asubuhi alisema yale mabati ya kutu na ekzosi iliyotoboka nyuma ya bafu ni takataka. Akaenda kazini. Judith kaenda sokoni. Mzee kasinzia juani, upande wa pili wa ukuta mfupi. Mara nasikia mnunuzi wa chuma chakavu anapita na toroli. Nikajifunga kitenge, nikatoka kimya kimya, nikamwonyesha nyuma ya bafu: beba vyote. Akaniuliza, na gunia hili? Nikasema vyote, kaka.

Hapo mzee akaanza kukohoa. Nikaacha kila kitu, nikakimbilia ndani. Akakohoa tena, kwa nguvu. Akagonga na fimbo. Nikafunga na komeo! Nikajisifu moyoni: Elina, umekuwa mkamwana wa kweli.

Nilipotoka, nyuma ya bafu peupe, na mlangoni kuna beseni jipya la waridi, malipo yangu. Nimefagia. Namsubiri Ipyana afurahi.

Jioni. Mungu wangu. Mungu wangu.

Giaboksi ilikuwa ndani ya gunia.

Ipyana aliuliza nani kaligusa. Nilikuwa nyuma ya pazia, mdomo nimeufungua niseme. Mzee akaniwahi.

– Mimi. Nimempa mtu wa chuma chakavu.
– Wewe, baba?
– Macho haya, mwanangu. Nilidhani makorokoro.

Aliona kila kitu, na pumzi ya kumpigia mnunuzi kelele hakuwa nayo. Hakukohoa kwa kuwa anapita. Alikuwa ananizuia, kwa sauti pekee ambayo mila imemwachia kwangu – nami nikafunga komeo.

Ipyana, mpole wangu, sijawahi kumsikia hivi. Wewe hukutaka iwake! Wewe umekata tamaa, unataka na sisi tukate! Kisha Ipyana akaingia, akaniuliza ulikuwa wapi. Nikasema ndani. Akalaza kichwa mapajani pangu: afadhali nina wewe.

Beseni nimelisukuma chini ya kitanda.

Ijumaa, 19 Septemba

Ipyana kazunguka mji mzima. Mzigo wa chuma ulishapakiwa lori la Dar. Hasemi na baba yake. Hasemi kabisa! Sahani ya mzee imerudi na ugali wote. Judith kaniuliza: wifi, humu ndani kuna nini? Nikasema sijui.

Nikimwambia Ipyana, atajua amemfokea bure baba anayekufa. Nisipomwambia, ndio atamzika hivyo. Na ataendelea kunipenda. Ananibembeleza mimi! Ananiambia pole mke wangu, hujazoea makelele.

Jumatatu, 22 Septemba

Mzee anaondoka. Hataki hospitali tena. Judith kakodi taksi, na godoro lile la kutandika bodi limekunjwa kwenye buti. Pikipiki iko palepale, tumbo wazi, vumbi linaingia.

Nachungulia pembeni mwa pazia, Mungu anisamehe. Ndiyo mara ya kwanza namwona uso. Ana paji la Ipyana. Amekaa kiti cha nyuma, mlango wa gari wazi, mguu mmoja bado nje.

Dereva anasema tuondoke, mzee, jua linapanda. Mzee anamwambia zima injini kwanza. Mwanangu anakuja kuniaga.

Ipyana kalala hapa kitandani nilipokaa, kageukia ukutani. Kasikia. Hajainuka. Mkono wangu wa kushoto ameushika, ameubana kifuani, na wa kulia naandika.

Judith anaita kutoka uani. Ipyana! Ipyana, jamani!

Mguu wa mzee bado uko nje.