Namba Fupi za Bosi Mutlaq

Zuwena, usinipigie, nitalia. Nimejifungia kwenye choo cha ofisini.

Mwaka mzima nimeandaa kuihamishia kampuni yetu ya mizigo kwenye anwani mpya za intaneti, zile namba ndefu ambazo kompyuta hutafutana kwazo. Leo nikawaonyesha wakurugenzi. Bosi Mutlaq akaitazama ile anwani ndefu ukutani, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

"Rayya binti yangu, namba ya gari langu nimeigombea mnadani, tarakimu mbili tu! Leo kampuni yangu ibebe namba ndefu kama teksi?"

KAMA TEKSI, shoga! Ukumbi mzima kicheko.

Nikamwambia, bosi, hii si namba ya gari. Wateja wanahamia huko, tukibaki huku hawatatupata.

"Fupi ndiyo heshima. Kaa, kula halua."

Nikakaa. Nikala, mjinga mimi!

Sahani hazijaondolewa, simu ikaita. Yule mteja wetu mkubwa wa Chennai. Mitambo yao imeshahamia anwani mpya, kwetu haiingii tena, mizigo wamempa mwingine.

Unajua Mutlaq alifanya nini? Kanigeukia, kidole hiki hapa usoni: "Rayya! Jambo kubwa hivi, hukuniambia?"

Hukuniambia!

Na wale wale waliocheka wakanikodolea macho wakingoja jibu, mdomo wangu umejaa halua yake.