Usinunue Vile Vifaa vya Masikioni

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Sisi huku tunapumua, mengine ni ya kuvumilia. Mama mkwe anakusalimu; goti bado linamsumbua.

Uliniambia nikipata majibu ya masikio ya mwanao huyu niliyemzaa mimi nikuandikie upesi, ili ujue ununue vifaa vya namna gani. Usinunue, dada. Masikio yake ni mazima.

Unakumbuka kipimo cha kwanza kilishindikana: alivishwa vipokea sauti akavivua, na kengele zikalia nyuma yake asigeuke. Safari hii alipewa dawa ya usingizi, akabandikwa nyaya ndogo kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, mashine ikasoma yenyewe. Mpimaji, binti mmoja mpole, alitueleza kwamba sauti inaingia vizuri, hata iliyo ndogo. Tabu iko ubongoni, katika kuzichambua. Ni ule usonji aliousema daktari wa watoto. Sauti zikija nyingi kwa pamoja humzidi, naye hujifunga kama mlango.

Shemeji yako akauliza jambo moja tu. "Na mashine ya kukatia vyuma, anaisikia?"

"Anaisikia kukupita wewe, baba."

Wajua kwa nini aliuliza. Tangu jirani akatae kunishikia mtoto, ni yeye aliyekuwa akienda naye karakana, akisema afadhali huyu kiziwi, kelele hazimdhuru. Alimkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na mashine, na kweli hakuwahi kulia. Mafundi wakambatiza Bosi, kwa kuwa hukaa kimya akitazama wengine wakifanya kazi. Tulicheka sana na jina hilo. Mwaka mzima, dada.

Kesho yake, baada ya kipimo, shemeji yako alimwacha mtoto nyumbani, na tangu hapo hambebi. Ukimuuliza, anasema ana mikono michafu.

Mama mkwe naye amepata lake. Kama anasikia, basi ni jeuri, na samaki hukunjwa angali mbichi. Jumatano nilitoka kazini nikakuta alama za ufito miguuni mwa mtoto. Nimeacha kazi ya kiwandani. Sina pa kumweka. Shule ya viziwi imefuta nafasi yake kwa kuwa anasikia. Ya mtaani imemkataa kwa kuwa haitiki.

Nisalimie shemeji na wanangu wa huko, hasa yule mtundu wa mwisho. Mungu akufunike ugenini.

Nikuombe kitu kimoja. Ukipiga simu, usipaze tena sauti kama tulivyozoea. Mwite polepole, mara moja, kisha nyamaza. Hataitika. Anakusikia.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba.