Magauni Kumi na Tisa ya Kijito cha Omitutu

Kwa Taiwo na Kehinde,
Ilu-Apata,
Jumatano, 6 Novemba 1991

Kaka yangu mpendwa Josiah,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, kwa sababu barua hii ni ndefu na goti lako nalijua. Ningekuwa mbele yako huko Jos, mimi ningekuwa nimeshapiga magoti zamani, kama ulivyotulea. Hujambo? Sukari imeshuka? Ronke bado anakuficha chumvi? Mwambie shangazi yake amesema aendelee kuificha. Sisi huku tu wazima. Taiwo pacha wangu bado anauza vitambaa sokoni, na bado anawaambia wateja kwamba, kwa kuwa Kehinde ndiye humtuma Taiwo atangulie kuichungulia dunia, basi mimi ndiye mkubwa na mvi zote ni zangu. Mvua zimekata, na viazi vikuu vipya vimejaa hadi mlangoni. Hatulali njaa.

Habari kubwa ya huku ni kanisa letu. Mwezi ujao linatimiza miaka themanini. Mchungaji Adetola, huyu kijana wetu wa vipaza sauti, alisimama mimbarani mwezi wa sita akatangaza kwamba historia ya Kanisa la Baptisti la Ilu-Apata na wachungaji wake itaandikwa na kuchapwa, na kwamba mwandishi ni mimi. Hakuwa ameniuliza. Alisema mwalimu mstaafu ana nafasi. Nilipomfuata baada ya ibada alicheka akaniambia, "Mama, wewe andika ukweli tu. Ukweli hauna taabu." Kaka, tangu siku ile sijapata usingizi wa mchana.

Nilianza na mwanzilishi, Mchungaji Ezekiel Oyetoro. Unajua jinsi mjukuu wake, Shemasi Oyetoro, anavyoisimulia kila mwaka: kwamba mwaka 1911 babu yake aliona mji wetu katika ndoto, akatembea siku sita bila kupumzika mpaka alipouona kwa macho. Nikaenda kwa Bibi Oyinkan kuhakikisha. Bibi sasa ana miaka tisini na miwili, meno yamekwisha lakini kumbukumbu imekaa kama ilivyo. Aliisikiliza habari ya ndoto mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Shemasi ametaja viatu. Viatu gani? Akasema Oyetoro alikuwa anapita tu, anakwenda mji mwingine kabisa alikokuwa ametumwa, lakini alikuwa amenunua viatu vipya kwa ajili ya safari na vikamchuna visigino vyote viwili. Akaketi uani kwa baba yake Bibi wiki tatu, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na kwa kuwa alikuwa hana la kufanya, akahubiri. Vilipopona visigino, watu kumi na wanne walikuwa wameokoka na hawakumruhusu kuondoka.

Niliandika hivyo hivyo. Shemasi Oyetoro alipoisoma rasimu alikuja nyumbani kwangu na kofia mkononi, akaniuliza kwa sauti ya juu kama nataka watoto wa watoto wake wajue kwamba kanisa lao limeanzishwa na malengelenge. Nilimwambia kwamba Mungu aliwahi kumtumia punda. Akajibu, "Na punda hakuandikwa na jirani yake!" Akaondoka bila kunywa maji.

Wa pili alikuwa Mchungaji Akinlabi, yule wa hotuba ndefu. Wanawake wa siku zile walikuwa wakipeana zamu: huyu anatoka kuweka viazi motoni, yule anarudi, na anayerudi anamnong'oneza jirani yake kama Nuhu ameshapanda safina. Katika zama zake ndipo kanisa lilipogawanyika kwa sababu ya ngoma na kinanda. Watu wa ngoma walivuka barabara wakajenga Kanisa la Pili, mlango ukitazamana na mlango. Miaka mitatu makanisa hayo mawili yaliimba kwa kushindana, kila upande ukitaka kuuzima upande mwingine, mpaka wapita njia wakawa wanasimama katikati ya barabara kutoa hukumu. Kisha upepo wa mwezi wa nne ukang'oa paa la watu wa kinanda na kulilaza juu ya banda la watu wa ngoma. Paa moja, makanisa mawili chini yake. Wakatoka nje kulitazama, wakaanza kucheka, na Jumapili iliyofuata wakaabudu pamoja, ngoma na kinanda. Ukoo wa Akinlabi wanataka niandike kwamba aliwapatanisha kwa maombi. Nimeandika kwamba aliomba, na kwamba upepo ulivuma.

Wewe ni wa nne, na sura yako nimekufungia ndani ya bahasha hii uisome mwenyewe. Usikasirike kuhusu vilemba. Ulitangaza mimbarani kwamba wanawake wapunguze vilemba ili walio nyuma wamwone mhubiri, na Jumapili iliyofuata wakaja na vilemba virefu mara mbili, marehemu mke wako akiwa mbele yao kama mnara. Wewe ukamwita seremala akaiinua mimbari kwa ngazi mbili. Nimeandika kwamba hiyo ndiyo hekima kubwa kuliko zote ulizotuonyesha katika miaka ishirini na miwili, na sikutania.

Nimemruka wa tatu, Mchungaji Durotoye, na nimemruka kwa makusudi, kwa kuwa kwake ndiko kulikonifikisha mahali pabaya.

Unakumbuka mwaka 1943. Wewe ulikuwa umetoka chuo cha wachungaji, una miaka ishirini na sita, umeletwa kuwa msaidizi wake. Wiki ya ubatizo, Durotoye na unene wake alipanda baiskeli, akashuka nayo kilima cha watia nguo rangi, breki zikakataa, akaingia kichwa kwanza katika mtungi mkubwa wa nili wa Mama Awero. Alivunjika mkono wa kulia na akawa buluu kuanzia nywele hadi kifuani. Alihubiri akiwa buluu mwezi mzima, na watoto walidhani ndivyo malaika walivyo. Na kwa kuwa mkono mmoja haumzamishi mtu, kazi ya kubatiza katika kijito cha Omitutu ukapewa wewe, watu kumi na tisa, na wawili kati yao wakiwa dada zako pacha wa miaka kumi na mitano.

Nilikuwa nimeshaandika yote hayo vizuri. Nikaenda kumsomea Bibi Oyinkan ili athibitishe, kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyekuwa ameshika kitambaa cha kuwaficha wanawake wakibadili nguo. Aliicheka habari ya nili mpaka akakohoa. Kisha akayafuta machozi yake kwa upindo wa nguo yangu, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, umeandika viatu vya Oyetoro. Umeandika paa la Akinlabi. Sasa mbona sijasikia habari ya yule mtoto aliyeingia majini mara mbili?"

Kaka, kalamu iliniponyoka.

Akaendelea taratibu, kama anayehesabu nguo za kufua: "Nilianika magauni kumi na tisa yaliyoloa. Vichwa vilivyoloa vilikuwa kumi na vinane. Miaka arobaini na minane nimengoja mmoja wenu aje aniambie. Nimechoka kungoja, nami nina safari."

Ndiyo, Josiah. Sikuingia.

Unajua nilivyokuwa na maji tangu nilipotumbukia penye mawe ya kufulia nikiwa na miaka sita, mkanitoa nikiwa sina pumzi. Asubuhi ile nilisimama kwenye foleni nimevaa gauni jeupe, nikakuona umesimama katikati ya kijito, maji yamekufika kiunoni. Nikarudi nyuma ya kitambaa nikamwambia Taiwo kwamba nitakufa. Yeye alikuwa ameshabatizwa, wa nne, amelowa chapachapa, anafurahi. Akanivua gauni kavu, akalivaa yeye, akajifunga kichwani kitambaa kikavu, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Ulikuwa unatetemeka kuliko sisi sote, macho yako yako mbinguni. Ukasema, "Kehinde, nakubatiza," na ukamzamisha Taiwo. Baadaye, tukila wali nyumbani, ulimwambia baba mbele ya wageni kwamba yule wa pili alitulia majini kuliko yule wa kwanza, na kwamba hiyo ni alama ya imani. Bila shaka alitulia! Alikuwa ameshaizoea baridi.

Nilitaka kukuambia siku ile ile. Lakini ulikuwa umefurahi mno. Kisha ukaanza kuisema mimbarani, kwamba miongoni mwa watu wako wa kwanza kuwabatiza walikuwemo dada zako wawili, na kila ulipoisema mlango wangu ukazidi kufungwa. Nikaolewa, nikawa mwalimu wa darasa la ubatizo, nikawa mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Nimeikaribia Meza ya Bwana miaka yote hiyo. Na linaloniuma kuliko yote: mwaka 1972 nilimzuia binti mmoja asishiriki Meza kwa kuwa alikuwa hajabatizwa. Alilia. Nami nikampa kitambaa changu cha kufutia machozi na kumsomea mistari.

Nilirudi nyumbani kutoka kwa Bibi nikamwambia Taiwo kwamba nitaungama. Akaweka mkasi chini. "Dada, una miaka sitini na mitatu. Nyamaza tufe kwa heshima." Nikamwambia siwezi kuwavua viatu wajukuu wa watu halafu mimi nikabaki nimevaa vyangu. Akafikiri, kisha akauliza kama mimi nina wasiwasi, yeye aseme nini, aliyebatizwa mara mbili? Kama ubatizo wa pili ni dhambi au ni akiba? Nilikwenda peke yangu kwa Mchungaji Adetola, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilimwona akizungumza bila kipaza sauti. Alinong'ona kabisa. Akaita mashemasi.

Nilisimama mbele yao Jumamosi iliyopita nikawaeleza yote, kitambaa, gauni, na Meza ya Bwana. Nilidhani Shemasi Oyetoro angeruka kwa furaha. Aliizungusha kofia yake magotini, kisha akauliza kama jambo hilo litaandikwa kitabuni. Nikamwambia nimeshaliandika, kurasa mbili, jina langu limo. Akasema, "Basi na malengelenge yabaki." Akainuka akanipa mkono. Mashemasi wengine walishindwa hata kunikemea. Mzee mmoja aliuliza tu kama wale niliowafundisha darasa wamebatizika sawasawa, na Mchungaji akamhakikishia kwamba wao waliingia majini kwa miguu yao.

Yule binti wa 1972 nilimtafuta. Sasa ni mama mtu mzima, anauza mkate Ilorin. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimepiga magoti penye jiko lake, wateja wakitazama. Alinicheka, Kaka, akacheka mpaka akaketi. Kisha akanipa mkate na kunifukuza, akisema nikirudi nirudi nimelowa.

Uamuzi wa kanisa ni kwamba nibatizwe Jumapili ya tarehe 15 Desemba, siku ya sikukuu yenyewe. Siku hizi kuna tangi la saruji nyuma ya mimbari, na maji yake hupashwa moto. Nimelikataa. Na Mchungaji Adetola, kwa moyo mzuri, amekubali asinibatize yeye. Nimeomba wewe.

Najua una miaka sabini na minne. Najua goti. Najua pia kwamba sasa hivi umeivua miwani na unamwita Ronke kwa ile sauti. Kasirika, Kaka, ni haki yako. Nilikuachia ujivunie jambo ambalo halikuwa kweli, na mwenye kujua nilikuwa mimi. Nakuomba unisamehe. Kama huwezi kusamehe kabla ya tarehe 15, njoo hivyo hivyo na hasira yako, labda itakusaidia kunizamisha vizuri. Taiwo atasimama upande wa pili kukushika mkono.

Hofu haijaondoka, nisikudanganye tena. Jana asubuhi tulikwenda Omitutu, mimi na yeye, tukajaribu. Nilifika magotini nikasimama hapo, sketi imenigandama miguuni. Taiwo akaanza kufungua kilemba chake, akaniuliza polepole, "Dada, niingie tena badala yako?"

Nikamwambia hapana. Nikapiga hatua moja mbele, kisha nyingine. Maji yale ni baridi mno, Kaka, hukutuambia.

Nisalimie Ronke na watoto wake. Bibi Oyinkan anakusalimu na anasema safari yake ameiahirisha hadi tarehe 16. Shemasi Oyetoro anakusalimu. Taiwo anakusalimu mara mbili. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako mpendwa,
Kehinde,
ambaye kutoka kiunoni kwenda juu bado ni mkavu.