Penalti ya Hamisa

Kwamndolwa, Korogwe
9 Agosti 2025

Dada yangu Hamisa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Handeni, wewe, shemeji Awadhi na watoto, na kwamba mahindi mmeshayaingiza ndani. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limepoa. Juzi alikwenda mwenyewe mpaka Kwashemshi, akarudi akitucheka sisi tunaochoka.

Jumamosi ijayo Nyota ya Kwamndolwa, timu yenu, inatimiza miaka kumi na miwili. Kwa kuwa mimi ndiye msomi, wamenipa kazi ya kuandika historia yake, nami nimewazungukia wachezaji wa zamani na daftari. Mama Emiliana, nahodha wa kwanza, anashikilia kwamba hawakuanzisha timu yoyote: nguzo ya netiboli ilianguka, wakabaki na mpira, basi wakaupiga teke. Yuditha anasema nguzo haikuanguka, aliiangusha Mama Emiliana alipoigonga akirudi kinyumenyume. Walibishana hadi chai ikapoa. Grace naye alinikumbusha mlivyokwenda Mnyuzi na jezi za wanaume zilizofika magotini, mashabiki wakawauliza kama mmekuja kucheza au kulala. Mkawafunga manne.

Halafu kila mmoja, bila kuulizwa, hufika kwenye fainali ya 2015. Wanasema Hamisa alisahau njumu zake kwa sababu kichwa kilijaa posa, akaazima za Yuditha zilizompwaya, akaipaisha penalti ya mwisho hadi shamba la mkonge, na mpira unatafutwa mpaka leo. Wanacheka kwa upendo. Lakini mimi nimekuona ukija kwa Idi na kwa misiba, ukizunguka nyuma ya shule ili usipite uwanjani.

Dada, hukuzisahau. Nilizificha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tulilala kitanda kimoja, na nilimsikia kocha akimwambia mama kwamba watu wa Tanga wanakuja kukutazama, huenda wakakuchukua. Nikazitia kwenye gunia la mahindi darini. Asubuhi ulipozitafuta uvunguni, niliinama nikakusaidia kutafuta. Hilo la kukusaidia ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka uliofuata uliolewa, ukaondoka hata hivyo.

Historia nimeiandika hivyo, pamoja na jina langu. Nitaisoma Jumamosi saa kumi, kabla ya mechi. Nilifikiria kuisoma kwanza ndipo nikuambie, nikaona nitakuwa nimekuficha mara ya pili.

Mama nimeshamwambia, na amenifokea vya kutosha kwa niaba yako. Anakusalimu sana. Nisalimie shemeji, na wanangu uwakumbatie mmoja mmoja.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo tu usimame uwanjani, hata ukiwa umenuna, ili nikimaliza kusoma na watu wakigeuka kumtafuta Hamisa, wamwone.

Mdogo wako,
Mwanaisha