Watu wa Fundi Saa Wako Langoni

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote, hata yule mkorofi aliyenikatia simu mwezi uliopita akidhani namtangazia biashara. Natumaini mguu wa shemeji umepona na ameacha kuutumia kama kisingizio cha kutoosha vyombo. Mimi kwa upande wangu mwili hauna neno. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukikutana nami barabarani utasema nimenawiri, maana nimeongezeka kidogo, ingawa sijui nimeongezeka kwa kitu gani.

Uliponipigia wiki iliyopita uliniuliza mbona sauti yangu imekauka, nikakwambia ni mafua. Dada, sikuwa na mafua. Nilikuwa nimetoka kulia chooni pale dukani, mashine ya fotokopi nimeiacha inanguruma makusudi ili wateja wasinisikie. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza nimefiwa na nani, na jibu lake lingemaliza vocha kabla sijafika katikati. Ndiyo maana naandika. Kaa kitako, na tafadhali usiruke mistari kama kawaida yako.

Unajua kwamba Jumamosi mchana huwa sipatikani. Uliguna weee, ukafika hadi kumdodosa mama kama nimepata mtu. Nilikuwa nimepata watu wawili, lakini si kwa namna unayoiwaza. Mmoja alikuwa fundi saa, mzee mjane mwenye kibanda kinachotazamana na duka letu. Wa pili ni muuguzi wa hospitali ya juu kule, mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa na wasio wagonjwa.

Tulikutanishwa na karatasi iliyokwama. Kazi yangu ukiifanya muda mrefu unajifunza kutosoma. Wosia, vyeti, barua za watu kuachishwa kazi, vyote unaviona ni karatasi tu, unaangalia kama wino umekolea. Siku hiyo fundi alileta kurasa zake nimtolee kopi, mmoja ukajikunja ndani ya mashine, nikauvuta kwa vidole, na macho yakaangukia habari za mpiga kengele kiziwi wa mlimani ambaye hujua kengele imelia kwa kuweka kiganja ukutani. Nikamwuliza kisa kinaishaje. Akasema hajui, kama nina wazo nimpe. Nikampa. Muuguzi alikuwa nyuma yake kwenye foleni na vyeti vyake vya kupigwa plastiki, akadakia kwamba huo mlima lazima uwe na mto, la sivyo mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi? Akauchukua ule ukurasa ulioharibika, akaugeuza, akachora mto. Wateja wengine walilalamika sana siku hiyo.

Ndivyo tulivyoanza kujenga nchi. Cheka kwanza, umalize. Watu wazima watatu, mmoja ana wajukuu, tunajibana kwenye chumba cha nyuma ya kibanda cha saa kila Jumamosi baada ya kufunga kazi, tunagombania nchi ambayo haipo. Jina lilitushinda, kila mtu aling'ang'ania lake, mwisho tukawa tunaiita Kule. Tukikutana njiani tunaulizana, habari za Kule? Fundi alichukua mlima, wachungaji wake na mpiga kengele. Muuguzi alichukua bonde na mto, na ndiye aliyechora ramani, akaibandika ukutani kwa plasta za vidonda. Mimi nilichukua mji wenye ukuta. Watu wangu ni wabishi, wanapenda foleni, na hawafanyi jambo bila muhuri. Muuguzi alisema nimelihamishia duka letu huko, wala sikukataa.

Kila mmoja aliandika kwake nyumbani, ila tulikuwa na utaratibu. Mtu wako hawezi kujiingilia tu nchi ya mwenzako. Ukitaka mchungaji wako aje mjini kwangu, unaandika hodi mwisho wa sura yako na kuishia hapo. Mimi nikikubali, naanza sura yangu kwa karibu, na tangu hapo chakula chake na malazi yake ni juu yangu. Maneno yake tu ndiyo yanabaki kuwa ya mwenyewe. Nikitaka mchungaji aseme kitu, navuka barabara namwuliza fundi angesemaje, naye anafikiri huku lenzi yake ndogo imebanwa jichoni, kisha ananipa sentensi moja ambayo mimi nisingeipata hata ningekesha. Dada, hakuna mtu mwingine aliyewahi kunisikiliza vile. Hata wewe, usikasirike.

Mwaka huu, kuanzia katikati, fundi akaanza kuleta hodi mfululizo. Kwanza mke wa mpiga kengele na kuku wake. Kisha wachungaji wa juu. Kisha kijiji kizima cha upande wa baridi. Alisema mlima umeanza kutoa moshi na watu wanashuka. Muuguzi aliwapokea wote waliopita bondeni kwake bila kuuliza swali, tukamtania kwamba hata Kule amefungua wodi. Waliobaki, mpiga kengele akiwa mbele yao, walikuja kwenye lango langu. Mimi nikawakatalia.

Sababu nilikuwa nayo. Mji wangu ulikuwa katikati ya ukame. Nilikuwa nimevikausha visima kimoja baada ya kingine kwa jasho langu mwenyewe, na sura iliyokuwa inafuata ndiyo wakuu wa mji walikuwa wageukane. Mtu anakuletea umati wa watu wenye kiu na mbuzi wao, kisa chako chote kinavurugika. Basi palipotakiwa neno karibu, mimi nikaandika kwamba wasubiri, muhuri haujapatikana.

Fundi hakuwa mtu wa kugomba, lakini Jumamosi ile aligomba. Alisema nina urasimu hata kwenye ndoto. Nikamwambia mlima ni wake, auzime. Akasema mlima ukishaanza hauzimwi. Nikamwambia basi yeye ni mwandishi mvivu, anatafuta pa kuwatua watu aliowachoka. Alicheka mpaka akakohoa, akasema sawa, watapiga kambi nje ya ukuta, tuone nani atachoka mapema. Tangu hapo kila Jumamosi aliniuliza kama muhuri umepatikana, nami namjibu bado, naye anainua mikono juu kama mtu aliyeonewa. Hata muuguzi alipohamishiwa hospitali ya mbali tukabaki wawili, tuliendelea hivyo hivyo. Nilifurahi sana siku zile, sitakuficha.

Kisha Jumatatu moja kibanda hakikufunguliwa. Hadi saa nne watu walikuwa wanakuja kuniuliza mimi kama nina habari, kwa vile walizoea kutuona pamoja. Saa sita nikazipata. Alikuwa amefariki nyumbani kwake siku ya Jumapili, usingizini. Moyo, walisema.

Msibani sikujua nikae wapi. Ndugu walikuwa na mahali pao, majirani mahali pao, na wateja wa zamani walikuja, wakatazama saa zao bila kujijua, wakaondoka. Kila niliyekaa karibu naye aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Dada, sisi tuna jina la kila mtu. Mke wa kaka ana jina, dada wa mume ana jina, hata mzazi wa mke wa mtoto wako ana jina. Nikatafuta la kwangu, silioni. Nikisema mwandishi mwenzake, hakuna pale aliyejua kwamba mzee aliandika. Nikawa nasema tunafahamiana tu, na kila nikisema hivyo najiona kama namkana.

Baadaye mwanawe mkubwa, dereva wa malori anayekaa mji mwingine, alinifuata pembeni. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayejizuia, kama mimi ndiye yule jirani mwenye lango. Alisema baba yake alikuwa akimlalamikia kwenye simu kwamba kuna mwanamke amewazuia watu wake nje, wana watoto na mbuzi, na mwanamke huyo hataki kufungua. Yeye alikuwa ametafuta hati za kiwanja nyumba nzima asizione, akataka kujua mgogoro wenyewe ni wa ardhi gani, aumalize kabla hajarudi kwake. Ningeweza kumweleza. Nilimtazama macho yake yalivyovimba, nikaona kila nitakalosema litasikika kama dhihaka. Nikamjibu ndiyo, ni mimi. Akasema yaliyopita yamepita, tusameheane, akanipa mkono. Nikaupokea, nikaenda zangu nyumbani.

Jioni ile nilimpigia muuguzi. Hakuwa ameweza kusafiri, zamu zimembana. Nilimsimulia habari za mtoto wa fundi na hati za kiwanja, nikijua ataangua kicheko na mimi nitapata wa kucheka naye. Hakucheka. Aliniuliza kama nimekaa, halafu akaniambia.

Fundi alikwenda kutibiwa hospitalini kwake kabla mlima haujaanza kutoa moshi. Madaktari walimweleza kwamba moyo umechoka na hawana la maana la kumfanyia. Ndiyo maana akaanza kuwashusha watu wake. Alikuwa anawatafutia pa kukaa, dada. Muuguzi alijua tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana aliwapokea wote bila kuuliza. Mimi sikujua kwa sababu fundi alimwapisha asiniambie.

Nilimfokea, nakiri. Nilimwambia wamenifanya mjinga, wameniacha nimfungie mtu lango mpaka kaburini. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwamba hata yeye alimbana fundi kwa nini anifiche, na fundi akamjibu kwamba tangu augue kila mtu anamkubalia. Mwanawe anamkubalia, daktari anamkubalia, hata wateja ambao saa zao hazijatengenezwa wanamwambia hakuna shida mzee, chukua muda wako. Akamwambia nimebaki mimi peke yangu ninayemkatalia, na kwamba Jumamosi akishakataliwa anarudi nyumbani akijiona mzima. Alimwomba asimwondolee hilo.

Siku nyingine nikilikumbuka nalia kwa furaha, siku nyingine nalia hivyo hivyo tu. Muuguzi amesema kwake Kule kumekwisha, ramani ameikunja, nami nisimtafute tena kwa habari hizo. Kibanda kimekodishwa kwa mtu anayeuza makava ya simu. Ni kijana mchangamfu, ananisalimia kila asubuhi, na mimi namwitikia bila kumtazama, jambo ambalo si haki kwake.

Ninachotaka kukwambia hasa ni hiki. Nimeiandika ile sura. Nimeanza na karibu. Mlinzi wangu hakuuliza muhuri, alimtazama tu mpiga kengele kwa muda, kisha akaondoa komeo. Kisa changu cha ukame kimeharibika chote, na liwe liwalo. Wameingia na mbuzi wao na watoto wao mgongoni, wamepewa vyumba kwenye mtaa wa wasokota kamba. Hakuna hata mmoja anayesema. Nilikaa kalamu mkononi nikingoja mpiga kengele aseme neno, na sikuwa na wa kumvukia barabara nikamwuliza.

Na bado hawajaingia. Ipo sheria moja ya mwisho, nayo aliileta fundi mwenyewe, kwa kuwa muuguzi alikuwa akibadilisha mambo kila dakika. Jambo la Kule halijatokea mpaka lisomwe kwa sauti na mtu mwingine alisikie. Kabla ya hapo ni mawazo yako tu, unaweza ukachana karatasi na hakuna aliyekufa wala kuzaliwa. Nimejisomea mwenyewe chumbani, najua haihesabiki. Nilimpigia muuguzi nikaanza mstari wa kwanza, akaniomba nisimfanyie hivyo, akakata taratibu. Simlaumu.

Wewe hujawahi kupenda hadithi. Huwa unasema za shemeji zinakutosha. Sikuombi uipende hii, wala sikuombi uielewe. Jumamosi hii mchana nitakupigia. Endelea na kazi zako jikoni, weka simu juu ya meza, waambie watoto wapunguze kelele kidogo, mimi nitasoma. Si ndefu. Usinipe pole katikati, nitashindwa. Nikimaliza, sema tu kwamba umesikia.

Msalimie shemeji, na umwambie mama nitamwandikia yake peke yake, nikishajua namna ya kuianza. Wakumbatie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Na dada, tafadhali, simu ikiita usichelewe kupokea. Wale watu wamekaa nje muda mrefu, na wengine ni wazee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku