Risasi Mbili Katika Mtutu Mmoja

Takoma Park, Maryland,
Marekani.
16 Novemba 1998.

Mpendwa Kaka Boniface,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba jicho lako la kushoto limeacha kutoa machozi kama ulivyoandika mwezi wa sita. Sisi hatujambo. Mke wangu Queen bado anahudumia wazee kule Columbia, anarudi miguu imevimba. Binti yetu Lorraine anakusalimu. Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu anajibu Kiingereza, nimegombana naye mpaka nimechoka.

Shemeji Edah, hujambo? Najua wewe ndiye unayemsomea Kaka barua zangu, na najua mnazisoma ukumbini, Baba akiwa kwenye kiti chake na majirani wamekuja kusikia habari za Marekani. Leo naomba ufunge mlango kwanza. Msomee yeye peke yake, na usiruke kitu hata kama unaona uchungu kukitamka.

Kaka, niliwahi kukuandikia kuhusu Ethan, Mzungu ninayefanya naye kazi ya boila. Nisichokwambia ni kwamba Jumamosi nyingine hunipeleka kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, huko mashambani kupita Columbia. Watu wazima wanavaa mavazi ya ngozi, wanatumia bunduki za enzi zile babu zao walipokuwa wanahamia nchi za magharibi. Siku ya kwanza walinionyesha hizo bunduki wakidhani nitashangaa, nikacheka. Ni gobore, Kaka. Gobore tupu. Unamimina baruti mdomoni, unatia risasi ya mviringo na kitambaa cha mafuta, unashindilia kwa ufito, unabandika fataki, unafyatua. Tofauti na la Baba ni kwamba haya yanang'aa.

Sikukwambia kwa sababu wewe na mimi hatutaji gobore. Miaka thelathini na miwili imepita hatujalitaja.

Juzi Jumamosi kulikuwa na mashindano: risasi tano kwa nusu saa, na zawadi ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Nilikuwa nimeshamwambia Queen asinunue nyama. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio, lakini mkono wangu siku hiyo ulitulia. Risasi nne zilikuwa ndani ya duara ambalo ungeweza kulifunika kwa kisosi. Ethan, meza ya kulia kwangu, alikuwa nyuma yangu kwa pointi mbili na alishaanza kununa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kila ufito wa klabu una alama iliyochongwa kwa kisu. Ukishindilia risasi moja sawasawa, alama inakaa mdomoni mwa mtutu. Alama ikibaki juu, ujue humo ndani mna kitu kingine.

Risasi ya tano nilikuwa nimeshaishindilia, bado fataki tu, nikasikia naitwa. Alikuwa Mzee Solomon, aliyestaafu kazi ubalozini kwetu, nilimwalika mwenyewe aje kutazama. Sheria ya klabu ni kwamba mtu aliye kwenye mstari hasemeshwi wala hajibu. Ethan anaweza kuitwa na mama yake mzazi asigeuke. Mimi siwezi. Mzee wa miaka sabini na tano amesimama nyuma ya kamba, kwenye baridi ile, nimpe mgongo? Nikaegemeza bunduki, nikavua kofia, nikamwendea. Shikamoo mzee. Akauliza hali ya Queen, mtoto, kazi, Baba kule Manyoni, kama mvua zimeanza. Nami nikamuuliza mguu wake, mkewe, wajukuu mmoja mmoja. Unajua tulivyo.

Niliporudi mezani zilibaki dakika tisa. Nikamimina baruti. Sikusita hata kidogo, maana kichwani nilikuwa bado nipo kwa wajukuu wa Mzee Solomon. Nikatia risasi, nikashindilia. Ufito ukagoma. Alama ilikuwa juu ya mdomo wa mtutu kwa upana wa kiganja.

Nilijua, Kaka. Usije ukanitetea kwamba labda sikujua. Nilijisemea ni masizi tu yamejaa, nikabandika fataki, nikaweka kitako begani. Zilibaki dakika nne. Ethan alikuwa kuliani kwangu, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua, na uso wake ulikuwa usawa wa mtambo wa bunduki yangu, pale ambapo mtutu hupasukia. Kidole kilikuwa tayari. Na lile neno masizi likanirudia kwa sauti yako.

Mwaka ule wa sitini na sita, siku nyani walipovamia shamba, Baba alikuwa amenikataza kugusa gobore. Nililiiba. Nikalishindilia nyuma ya ghala la mtama nikijiona mwanamume. Wakatokea wazee wawili kutoka msibani, nikaliegemeza ukutani nikakimbia kuwaamkia na kuwatolea viti. Niliporudi wewe ulikuwa umeshalichukua na unashindilia. Niliuona ufito wako umesimama nje, kwa kiganja hichohicho. Ukaniangalia ukasema, "Limejaa masizi hili." Nikanyamaza. Niliogopa fimbo ya Baba. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii na sikuipata.

Ukaenda shambani, na mtutu ukapasuka usoni mwako.

Hukumimina baruti nyingi. Ulimimina kama ulivyofundishwa. Nyingine ilikuwa yangu. Baba alisimama mbele ya watu wote akasema mikono yako haina akili, nami nilikuwepo, nimeshika beseni la maji ya kukuosha damu. Kazi ya udereva uliyokuwa umeahidiwa ikapotea na jicho. Mpaka leo mzee hakupi hata nyundo ugongee msumari, na wewe unacheka tu na kumwachia. Kila ukicheka vile nilikuwa natoka nje. Hiyo safari yangu ya Marekani waliyoisifia watu, sehemu yake ilikuwa kutoka nje.

Basi pale kwenye mstari nikaiondoa fataki, nikanyoosha mkono juu. Nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nimeshindilia mara mbili." Wote wakaacha kufyatua. Nikatolewa kwenye mashindano. Ethan akaichukua bunduki, akatumbukiza skrubu ndefu, akazivuta risasi moja baada ya nyingine, akazishika kiganjani. Akaniuliza polepole kama nilijua. Nikamwambia ndiyo, nilijua. Hakunipa mkono. Alinirudisha kwa gari mpaka mlangoni kwangu, na sijui kama ataniita tena.

Mzee Solomon anadhani kosa ni lake. Amepiga simu mara mbili kuomba radhi, nami nashindwa hata kumweleza.

Kwa hiyo naogopa, Kaka. Naogopa barua hii kuliko nilivyoiogopa bunduki. Una haki ya kuichana, una haki ya kutonijibu. Lakini Baba ni mzee sana, na sitaki afe akiamini lile alilolisema. Shemeji, Kaka akikubali, na yeye tu ndiye wa kukubali, fungua mlango. Baba na aletwe, na majirani walewale. Wasomee kuanzia pale penye mwaka wa sitini na sita. Soma kwa sauti, maana siku ile mambo yalisemwa kwa sauti. Baba akiuliza ni nani aliyeandika, mtajie jina langu lote.

Nisalimieni Baba kabla hajasikia, kisha mniambie kama salamu bado anaipokea baada ya kusikia. Msalimieni Shangazi Sikujua na wa nyumbani kwake. Mungu alilinde jicho lako lililobaki na awape mvua za kutosha.

Nilianza na shikamoo kwa sababu ndivyo ninavyokuanzia barua zote, na wewe umeziitikia zote bila kujua unamwitikia nani. Hii ya sasa usiiitikie haraka. Shikamoo, Kaka.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda siku zote nikiwa nimenyamaza,

Zefania